Kamba Ilivutwa Mara Tano

Haya yalimpata jirani yetu, mwongoza wageni wa milimani, tuliyekuwa tukipokezana naye chumvi na stori juu ya ukuta. Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jua la asubuhi, anga safi, na wageni watu wa kucheka: daktari wa meno, mkewe, na mwalimu mstaafu aliyevigombeza viatu vyake njia nzima kana kwamba ni wanafunzi watoro.

Walikuwa wanashuka bonde la volkano lenye udongo wa rangi, mwekundu upande huu, kijani upande ule, na njano pale salfa inapotoka ardhini ikinuka mayai viza. Mkiani alitembea mdogo wake mwongozaji, baba wa mtoto wa wiki tatu. Shemeji, mke wa mdogo huyo, alikuwa amemwambia mwongozaji mlangoni, nusu utani nusu kweli, kwamba amemwazima tu mume wake, amrudishe mzima. Mwongozaji akaapa. Alimlea mdogo wake kwa mikono yake tangu wazazi walipofariki, na hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Katikati ya bonde, chemchemi za maji moto hutoa mvuke mzito kiasi kwamba mtu haoni kiganja chake. Hapo wote hushika kamba moja. Kila baada ya hatua hamsini kiongozi husimama, na kila aliye nyuma yake huvuta mara moja kwa zamu, kuanzia mkiani. Watu wanne, kamba ivutwe mara nne. Na kuna sheria nyingine ambayo waongozaji wameizoea hata ndotoni: gusa ardhi kabla ya kukanyaga. Ikiwa baridi, pita. Ikiwa ya moto, hiyo ni ganda tu, na chini yake kuna kifo kinachotokota.

Aliposimama mara ya kwanza, kamba ilivutwa mara nne. Mara ya pili, tano.

Alidhani mwalimu anamchezea. Akaomba warudie. Tano tena, na mvuto wa kwanza, wa mkiani kabisa, ulikuwa wa taratibu sana.

Akarudi nyuma akipapasa kamba. Daktari. Mkewe. Mwalimu. Mdogo wake. Na nyuma ya mdogo wake, mdogo wake. Aliposogeza uso karibu, sweta lile lile, kovu lile lile kidevuni.

"Kaka," alinong'ona wa mbele, "nani huyu nyuma yangu?"

"Kaka," alinong'ona wa nyuma, "nani huyu mbele yangu?"

Hakuwa na muda wa kufikiri, na mtu asiye na muda hufuata mazoea ya kazi yake. Aliwashika shingo wote wawili, kama anavyogusa ardhi. Wa nyuma alikuwa baridi. Wa mbele alikuwa wa moto, jasho likimtiririka.

Aliinua fimbo yake yenye ncha ya chuma. Akampiga wa mbele.

Taya lilivunjika. Meno yakamwagika. Akampiga tena, utosini, damu ikamrukia machoni. Yule akaanguka kwa magoti, akamkumbatia miguu.

"Kaka... mwanangu..."

Akamkanyaga kifuani na kumsukuma. Ganda la ardhi likapasuka. Maji yakamla kuanzia kiunoni, ngozi ikambanduka mikononi, na ukelele ule ukaendelea muda mrefu kuliko inavyostahili. Halafu kimya.

Wageni walikuwa wanalia. Aliwaambia ni mnyama. Akarudi mbele, akaomba wavute.

Mara nne. Alimshukuru Mungu, machozi yakimtoka.

Alasiri alimkabidhi shemeji mumewe, mzima, hata mkwaruzo hana. Mume alinyoosha mikono, akapewa mtoto, akaingia naye chumbani. Shemeji alibaki mlangoni akijisugua kiganja alichomshikia mumewe.

"Shemeji," alinong'ona, "mbona ana baridi hivi? Mtu ametembea juani kutwa."

Hapo ndipo mwongozaji alipoelewa. Ardhi ndiyo huua ikiwa ya moto. Mtu huwa wa moto kwa sababu yu hai.

Alivunja mlango kwa bega. Chumbani hapakuwa na mtu mzima, na dirisha lilikuwa na nondo. Mtoto alikuwa kifudifudi kitandani, akitetemeka, midomo ya bluu. Walimfunika blanketi tatu mpaka akalia.

Binti huyo sasa yuko darasa la sita. Baba hana. Amebaki na mama na baba mkubwa huyu tu, jirani yetu, anayempenda hadi ukimwona unamhurumia. Mgongoni binti ana alama ya kiganja, vidole vitano vyeupe, na hata akikaa juani mchana kutwa, mahali hapo hapapati joto. Mama yake humpimia sare mpya kila mwaka, na ndiye aliyeniambia. Mtoto anakua, na kiganja nacho kinakua. Mwaka huu vidole vimefika shingoni.