Riale ya Shemeji

Riale ile ilikuwa na joto, kama shavu la mtu mwenye homa. Mzee Lenzi, mthamini wa sarafu za kale kwa miaka thelathini, hakuwahi kushika fedha yenye joto.

Wiki moja nyuma mjane wa kaka yake alikuja nayo dukani, pamoja na rupia chache na senti zenye tundu. Hizo akazisifu. Riale akaigeuza uso, mgongo, ukingo, moyo ukamwenda mbio kwa uzuri wake, kisha akasema, "Bandia hii, shemeji. Imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa muhuri. Niachie tu."

"Wewe ndiye mjuzi, shemeji," akajibu mjane.

Sasa akairudisha drooni haraka. Droo ikaanza kunuka shaba iliyolowa damu. Saa nane mchana, wateja wawili wamesimama mbele yake, sarafu ikasikika humo ndani inazunguka, inazunguka wala haianguki.

"Kuna nini humo?" mteja mmoja akauliza.

Kabla Mzee Lenzi hajajibu, sauti yake mwenyewe, na upole wake uleule, ikatoka drooni: "Bandia hii, shemeji." Akakohoa, akacheka, akafungulia redio, na sauti ikapanda juu ya redio, ikarudia na kurudia mpaka wateja wakatoka kinyumenyume, na mkewe akaja mbio kutoka chumba cha nyuma, akamkuta mumewe, mtu mzima na mvi zake, ameilalia droo kifudifudi huku jasho likimchuruzika.

"Shemeji yupi huyo?" mkewe akanong'ona. Mzee Lenzi hakuweza kumtazama.

Mganga aliyeitwa hakufukiza chochote. "Jini huyu anakula uongo wako, na ameshiba. Mnyime. Kaseme mbele ya watu."

Jioni ile, sebuleni kwa mjane, wanawe wakubwa wakisikiliza, Mzee Lenzi alisema yote. Riale ikapoa kiganjani mwake. Harufu ikakatika.

"Nilijua," mjane akasema taratibu. "Marehemu alinifundisha kuitambua riale halisi kwa mlio. Nilinyamaza nisikuvunjie heshima, nikijua utairudisha mwenyewe." Akammiminia chai. Mzee Lenzi akaiweka riale kando ya kikombe, akaaga chai ikiwa bado moto.

Jini hajasikika tena. Shemeji bado hupiga simu kuwajulia hali, na kila mara Mzee Lenzi humpa mkewe apokee.