Watu Waliofichwa Jikoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Umuhoza aliteremka Ziwa Kivu kuteka maji kwa bidoni mbili, akikanyaga mawe meusi ya volkano. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Maji yenyewe hayakuwa ya kujivunia: hapohapo watu walifua, hapohapo waliosha pikipiki. Nyumbani yalinywewa na watu tisa. Wanne walikuwa wa nyumba: yeye, kaka yake na wazazi wao. Watano walikuwa mama yake mdogo, Dancille, na watoto wake wanne, waliokimbia vita Rutshuru.

Siku moja mama yake, Mama Athanasie, alimwita kabla ya kwenda sokoni.

"Leo batapita batu ba kuhesabu. Bakikuuliza, sema tuko bane tu. Mwenye nyumba akisikia tuko na wageni, atatufukuza wote."

Kijana wa kuhesabu, Florent, alifika na daftari lake. Wageni walikuwa wamejibana jikoni, Dancille amemziba mdomo Nishimwe, kitinda mimba wake wa miaka mitatu.

"Muko bangapi hapa?"

"Tuko bane tu," Umuhoza akajibu bila kupepesa macho.

Florent akaandika, akaenda nyumba ya pili. Huko nako walificha, na ya tatu vilevile. Hakuna aliyejisumbua kuuliza hesabu ile ilikuwa ya nini.

Ilikuwa ya bomba la maji. Mji ulikuwa umepanga bomba la umma liwekwe penye watu wengi. Basi likaenda avenyu ya juu, mtaa wa nyumba za ghorofa zenye matangi yao, ambako wenyeji waliwataja hata walinzi na binamu za walinzi. Mwenye nacho huongezewa, na safari hii maskini walimsaidia kwa vinywa vyao wenyewe.

Mvua zilipoanza, kipindupindu kikaingia. Nishimwe alianza kuharisha asubuhi. Jioni alifia kituo cha matibabu, mikononi mwa mama yake.

Umuhoza alishindwa kula siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwenye mkutano wa shefu wa avenyu yao, Muzee Viateur, akasimama mbele ya watu wazima.

"Muzee, nilidanganya. Kwetu tulikuwa tisa."

Mama Athanasie aliinamisha kichwa. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa mwenye nyumba, yuleyule waliyemwogopa.

"Kwangu pia nilificha," alisema. "Niko na wageni sita, ndugu zangu balikimbia vita Kibati."

Mikono ikafuata, mmoja baada ya mwingine. Muzee Viateur aliwaandikia wakuu wa mji barua, na Florent akarudi na daftari jipya.

"Muko bangapi?"

Dancille mwenyewe alijibu, amesimama mlangoni. "Tuko munane."

Bomba lao lilifika baada ya miezi mitano. Siku ya kufunguliwa watu walipiga vigelegele. Mama Athanasie alimshika binti yake bega.

"Uongo ule ulikuwa wangu, mwanangu, nilikutwika tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mutu asiyehesabiwa hapewi kitu. Sisi tulimufuta Nishimwe kabla kifo hakijamufuta."

Dancille alisikia. Alijaza bidoni yake maji safi, akaibeba, akaondoka bila kumtazama mtu.