Sufuria Mpya ya Bi Mwanaheri

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Safina wa darasa la sita alimfuata mama yake, Zuleha, kwenye kiwanda kidogo cha sabuni cha Bi Mwanaheri, nyuma ya soko la Kasulu. Alifunga vipande vya sabuni kwenye karatasi na kusikiliza umbea. Umbea ulikuwa mwingi kuliko sabuni.

Wafanyakazi walikuwa wanne. Watatu, Zuleha akiwemo, walikunywa chai kwenye mkeka mmoja. Wa nne, Claudine wa Nyakitonto, alikunywa peke yake kando ya ndoo chafu. Sheria ya Bi Mwanaheri ilikuwa hiyo: mgeni huosha ndoo mwaka mzima, na mwosha ndoo haulizwi kitu. Claudine akisema, wenzake waliigiza Kiswahili chake chenye Kiha ndani, wakacheka mpaka khanga zikawavuka. Safina naye alicheka.

Siku hiyo pipa la plastiki la kuchanganyia kostiki lilikuwa limepasuka. Kostiki ni magadi makali. Bila hayo mafuta ya mawese hayawi sabuni, lakini yakikugusa yanakula ngozi. Bi Mwanaheri akaingia na sufuria mpya ya alumini, inang'aa, ungeweza kujipaka wanja humo.

Claudine akaacha kuosha. "Bi, hiyo sufuria..."

"Hiyo utaiosha jioni."

"Lakini Bi, alumini na kostiki..."

"Jamani, nyamazeni! Injinia wa ndoo anahutubia!" akadakia Bi Mwanaheri.

Wakacheka. Claudine akainama kwenye ndoo zake. Kisha akamnong'oneza Safina, "Mwana wanje, mwanangu, wewe watakusikia. Kamwambie mama yako. Kostiki inakula alumini. Itachemka bila moto."

Safina akasita. Akisema, atachekwa kama Claudine. Tena Bi Mwanaheri alikuwa na jicho ambalo hata jogoo wa jirani likimwangukia alikatisha kuwika. Lakini mama yake alikuwa ameshainama juu ya sufuria ya maji, mwiko mkononi, na Bi Mwanaheri anamimina kostiki.

Safina akafungua mdomo. Akaufunga tena.

Sufuria ikaanza kutokota. Mapovu yakapanda, mvuke mkali ukawachoma puani.

"Ni kawaida," akasema Bi Mwanaheri, huku akirudi nyuma hatua tatu.

"Mama!" Safina akapiga kelele. "Toka hapo! Claudine amesema itachemka!"

Zuleha akaruka nyuma. Povu likafurika, likamrukia mkononi. Akalia kwa sauti ambayo Safina hakuwahi kuisikia kwake. Claudine alimvuta hadi bombani na kuuweka mkono chini ya maji. Mfanyakazi mmoja akaja mbio na kopo la mawese.

"Mafuta hapana!" Claudine akafoka. "Maji! Mengi! Safina, jaza ndoo, usisimame!"

Safina alibeba ndoo baada ya ndoo. Moyoni alisema neno moja tu: nilijua, nilijua, nilijua.

Hospitalini, daktari aliufunga mkono, akasema bila yale maji kidonda kingefika mbali.

Waliporudi, sufuria ilikuwa imetoboka chini. Bi Mwanaheri aliitazama sana.

"Claudine, mbona hukusema?"

"Nilisema, Bi. Mara mbili."

Hakuna aliyecheka. Safina akasema huku analia, "Na mimi aliniambia. Niliogopa kuchekwa."

"Ulijifunza wapi haya?" Bi Mwanaheri akamuuliza Claudine.

"Kibondo. Nimepika sabuni miaka sita. Hapa hamkuniuliza."

Bi Mwanaheri akamvuta Safina karibu. "Mwanangu, ukijua hatari, sema hata kama utachekwa. Lakini woga ule tulikufundisha sisi wakubwa. Mahali pa kazi ambapo mmoja anaogopa kusema, wote wataungua. Nimetafuta sufuria soko zima, kumbe fundi ninaye nyumbani, na nimemziba mdomo."

Akamgeukia Claudine. "Jumatatu wewe ndiye utakayetuongoza kuchanganya. Una neno?"

"Ninalo, Bi. Tuna mikono kumi, na glovu hatuna hata jozi moja. Hilo nalo nilishalisema."

Bi Mwanaheri akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Lirudie," akasema. "Taratibu."