Mpunga wa Mwenye Maji

Asubuhi ile Kasilda aliinama kumtoa mwanawe kitandani, akamnyanyua kwa nguvu zile zile za kila siku, na mtoto akapanda juu nusura agonge paa. Mama akabaki ameduwaa, mikono hewani, kama mtu aliyenyanyua ndoo akidhani imejaa kumbe tupu. Akamtazama. Lusia alikuwa yule yule, mashavu yamejaa, mapaja yana vikunjo, anacheka kwa meno yake mawili. Kasilda akajisemea kwamba labda ni yeye mwenyewe aliyeamka na nguvu. Akamfunga mgongoni, akaenda zake kuchota maji.

Ndivyo mambo haya yanavyoingia nyumbani mwa watu. Hayabishi hodi.

Nyumba yenyewe ilikuwa Majimoto, bonde la Wapimbwe, nayo ilikuwa ya Bibi Pelagia, mama mkwe wa Kasilda. Mwanawe Pelagia, mume wa Kasilda, alikuwa Mpanda akichimba madini ya risasi, harudi ila kwa sikukuu. Kwa hiyo wanawake wawili walikuwa peke yao na kichanga chao, mpaka alipoletwa mgeni. Mgeni huyo aliitwa Ubaldo, mwana wa Karema kule ziwani, mwanafunzi wa kilimo Makerere. Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, kijana wa kwetu kufika Makerere halikuwa jambo dogo. Mapadre walilitangaza kanisani. Chuo kilikuwa kimemtuma afanye kazi mashambani msimu mzima kabla ya kumaliza masomo, na Bwana Shamba wa Mpanda, Mzungu mmoja wa maneno machache, akamleta kwa Bibi Pelagia ajaribu samadi ya ng'ombe kwenye mpunga. Apande, avune, apime, apeleke majibu. Majibu yakiwa mabaya, na masomo yake yako mashakani.

Siku ya kwanza kabisa bibi alimzungusha shamba lote, mwisho akamsimamisha mbele ya kijaruba kidogo, pale mfereji unapoingia kutoka kwenye chemchemi ya maji ya moto. Akamwambia hiki si changu wala si chako. Hiki ni cha Mwenye Maji, yule akaaye chemchemini. Mpunga wake hatuukati kwa chuma, hatuupeleki nyumbani, na zaidi ya yote hatuupimi, si kwa kibaba, si kwa kikapu, si kwa macho. Unaachwa pale pale, mwenyewe anakula, na sisi tunapata maji. Ubaldo akaitika ndiyo bibi, ndiyo bibi. Aliitika kwa mdomo. Watu wa shule tuwajuavyo, wana heshima nyingi na masikio machache.

Basi mpunga ukakomaa. Ubaldo alikuwa amefundishwa kwamba mpimaji hachagui pa kukata kwa macho. Hugeuka, hurusha ufito kwa mgongo, na unapoangukia ndipo anapokata. Jumapili moja, wanawake wakiwa misani, akageuka, akarusha. Ufito ukaangukia kwenye kijaruba cha Mwenye Maji.

Angeweza kurusha tena. Nani angemwona? Lakini ule ndio uliokuwa mpunga mzuri kuliko wote shambani, masuke yameinama kwa uzito, na kijana aliona tayari uso wa Bwana Shamba ukifurahi. Akatia mundu. Akapura, akapepeta, akajaza gunia, akaenda kulining'iniza ghalani kwenye mizani yake, ile ya kulabu na mnyororo yenye mshale unaozunguka kwenye namba. Mshale ukazunguka vizuri sana. Kijaruba kilikuwa kimebaki tupu, kwa hiyo alikiziba kwa mabua ya pembeni, wanawake wasigundue.

Kesho yake akapima tena. Sasa hapa kila mkulima atanielewa: mpunga ukikaa ukakauka, hupungua. Huu ulikuwa umeongezeka. Siku iliyofuata ukaongezeka tena. Ubaldo alijikuna kichwa, akaikagua mizani, akapima jiwe, akapima jembe, vyote sawasawa. Ni gunia lile tu. Na ghala, lililokuwa kavu tangu kiangazi kianze, likaanza kunuka mayai viza, harufu ile ile ya kule kwenye chemchemi.

Wakati huo huo Kasilda alikuwa ameacha kujidanganya. Mtoto ananyonya, anacheka, mwili wake umejaa, lakini mkononi hayupo. Hata kilio chake kilikuwa kimepungua, kinatoka kama cha chumba cha pili. Mchana mmoja alimweka kwenye karai amwogeshe, na Lusia hakukaa chini. Alielea kama kibuyu kikavu, anapiga maji kwa viganja huku anacheka. Kasilda akamsukuma polepole kwa vidole viwili. Mtoto akazama kidogo, akarudi juu. Yule mama hakupiga kelele. Alimfunga mgongoni kwa kanga mbili akakaza mafundo, maana upepo wa bondeni ulikuwa umeanza kuvuma na alikuwa akiogopa upepo.

Jioni akamnong'oneza Ubaldo, kwa kuwa alikuwa msomi na labda angejua jina la ugonjwa huo. Akamwomba ampime.

Ubaldo akampima. Akautazama mshale, akakumbuka kile ambacho gunia lilikuwa limeongeza, na akaona kilichomtoka mtoto kimeingia wapi. Alijua. Pale pale alijua, bwana wee, na bado akanyamaza! Bwana Shamba alikuwa anatarajiwa Ijumaa kuja kukagua mavuno. Kijana akajiambia siku mbili si kitu, mkaguzi akishaona gunia nitalirudisha, mtoto mnene yule hawezi kuisha kwa siku mbili. Akamwambia Kasilda kwamba mizani imeharibika.

Usiku hakulala, lakini lililomkuta halikuja usiku. Lilimkuta kesho yake jua likiwa utosini, saa ile ambayo kuku wenyewe hujificha na kivuli cha mtu huwa chini ya nyayo zake. Bibi Pelagia alikuwa shambani. Kasilda alikuwa uani anatwanga, amempa Ubaldo mgongo, na mgongoni mtoto amefungwa kwa kanga zake mbili. Ubaldo alikuwa amekaa kivulini anashona gunia jingine aliposikia mnyororo wa mizani ukilia ghalani, kring'i, kring'i, polepole, kama wa mtu anayening'iniza kitu kwa uangalifu. Hakukuwa na upepo. Akasimama, akaenda mlangoni, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya mayai viza ilivyomjaa puani, na joto lenye unyevu likamgusa uso, na sakafuni, kwenye udongo mkavu alioufagia mwenyewe asubuhi, akaona nyayo za maji, nyembamba na ndefu kupita za binadamu, zinatoka kwenye gunia na kuingia gizani kule ilikoning'inia mizani, na zilikuwa zinafuka mvuke, na juu yake, kwenye kulabu, ndani ya kitambaa kilichofungwa vizuri kama anavyofunga mtu aliyezoea watoto, alikuwa amelala Lusia, macho wazi, kimya, akimtazama mtu aliyesimama mbele yake ambaye Ubaldo hakumwona isipokuwa mvuke tu uliosimama wima kwa urefu wa mlango, na mshale wa mizani ukirudi nyuma kidogo kidogo kuelekea sifuri.

"Bado kidogo," sauti ikasema, kwa upole, karibu kabisa na sikio lake.

Alivyomnyakua mtoto hajui. Alipotoka uani, Kasilda alikuwa bado anatwanga, na mgongoni kanga zimefungwa vile vile, zimetuna, zina umbo la mtoto, zinapumua. Ubaldo akaita jina lake. Kasilda akageuka, akamwona Lusia mikononi mwa mwanamume, akapeleka mkono nyuma mgongoni, na zile kanga zikanywea zikabaki nguo tu.

Ubaldo aliyasema yote hapo hapo, amepiga magoti. Bibi Pelagia aliporudi akayarudia. Bibi hakumtukana, na afadhali angemtukana. Aliuliza tu gunia liko wapi, kisha akatoka mbio kwenda sokoni kumwita Cletus.

Cletus alikuwa mganga, ila mchana aliuza chumvi. Mtu mfupi, mwenye kikohozi na hasira za karibu. Alimbeba Lusia kwa kidole kimoja chini ya kwapa, akaguna, akauliza nani aliyetundika mpunga kwenye chuma. Ubaldo akasema ni yeye. Cletus akamwambia aubebe kwa viganja vyake, hadi kwenye chemchemi, kwa maana gunia ni kipimo na kikapu ni kipimo. Tena lile gunia halikunyanyuka. Watu wanne walijaribu wakashindwa. Basi kijana akachota mpunga kwa viganja, akaenda, akarudi, akachota, akaenda, alasiri nzima, mpaka jua likaelekea kuzama na nyayo zake zikatoka damu, na kila alipomwaga, maji ya moto yaliumeza na kutoa povu.

Konzi la mwisho la mpunga lilipoingia, chemchemi ikatulia kabisa. Cletus akaongea nayo kwa Kipimbwe, akatega sikio. Kasilda alikuwa amekaa chini, amemkumbatia mwanawe kwa mikono na miguu, maana mtoto sasa alikuwa akinyanyuka mwenyewe kila alipovuta pumzi.

"Mpunga kaupokea," Cletus akasema. "Ila kupimwa kumemuudhi. Anasema hajawahi kupimwa tangu dunia iwe dunia. Anataka kumaliza kupima. Ameshaanza na mtoto."

"Achukue mbuzi," bibi akanong'ona. "Nina mbuzi wawili."

"Mama, hataki mbuzi. Anataka mtu."

Ubaldo alikuwa na miguu, na njia ilikuwa wazi. Nami sitawaficha: aliitazama ile njia. Kisha akamtazama Kasilda, ambaye hakumwomba kitu, ambaye hakumtazama hata kidogo.

"Anipime mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeanza."

Mvuke ukapanda, ukamfunika, ukapita. Hakusikia maumivu yoyote. Alichosikia ni Kasilda akiguna, kwa sababu Lusia alikuwa amemwangukia mapajani kwa uzito wake wote, na akaanza kulia kile kilio kinene cha watoto wenye njaa. Yule mama alicheka na kulia pamoja. Bibi Pelagia akampokea mjukuu, akalalamika jinsi alivyo mzito, akalalamika tena kwa raha yake.

Ijumaa Bwana Shamba akakuta mavuno ya kawaida, akaandika ya kawaida, na kumbe yalitosha. Kijana akaagana na watu. Cletus peke yake ndiye aliyekataa kumpa mkono. Ubaldo akapanda lori la mizigo hadi Mpanda, akapata jingine la kuteremka Karema, aone kwao kidogo kabla ya kurudi chuoni. Njiani alijiona mzima. Alikula, alisinzia, alitaniana na utingo.

Mama yake, Regina, alikuwa mjane, kizee mkavu wa kuinama, hata mtungi siku hizi alibebewa na majirani. Alimwona mwanawe anaingia uani, akatupa ufagio, akamkimbilia, akamkumbatia kiunoni kama alivyomzoea tangu akiwa mdogo, na kwa furaha akamkaza na kumvuta kifuani.

Miguu ya Ubaldo ikaacha ardhi.

Kizee akabaki amemshika hivyo, juu, bila jasho. Furaha ikamtoka usoni taratibu. Hakuthubutu kumwachia.

"Mwanangu," akanong'ona, "ni nini hiki ulichoniletea?"