Nani Amempa Soksi Sumu?

Kila asubuhi Rael huamka kabla ya wapangaji wengine wa ploti yao, karibu na Dagoretti Corner. Huchota maji mferejini na kuwasha jiko. Kisha humwamsha binti yake Maurine, mwenye miaka minane. Naye Maurine humwamsha Soksi, paka wake mweusi mwenye miguu myeupe.

Alhamisi hiyo Soksi hakuamka. Alikuwa amelala chini ya meza, damu ikimtoka puani.

"Mum! Soksi anatoka damu!"

Rael alimtazama paka. Kisha akatazama nje, kwenye mlango wa mzee Waweru. Hapo hapo akakata kesi bila shahidi.

"Ni huyu mzee," akasema. "Amemwekea sumu."

Mzee Waweru hufuga kuku nyuma ya chumba chake na kuuza mayai. Watoto wa ploti humwita guka, yaani babu. Mwezi uliopita Soksi alimlia kifaranga. Waweru alikasirika akasema, "Huyu paka akirudi hapa, tutajuana!" Rael hakuyasahau maneno hayo. Na jana tu alikuwa amechungulia kwenye pazia, akamwona Waweru akiweka kifuniko cha sufuria chini. Soksi alilamba kilichokuwamo hadi kikaisha.

"Nani humlisha paka aliyemlia kifaranga?" Rael alijiuliza. Hakumuuliza Waweru.

Alienda mferejini akawaambia wanawake wote. "Mchunge watoto wenu. Leo ni paka, kesho ni mtoto."

Jirani yao Veronicah alikuwa ameshika mayai mawili ya Waweru. Aliyaangalia mayai, akamwangalia Rael, kisha akaenda kuyarudisha.

Waweru akatoka nje. "Habari ya asubuhi?" Hakuna aliyemjibu. "Maurine, hata wewe leo hunisalimii?"

Maurine alijificha nyuma ya mama yake. Hakuwahi kumwogopa guka maishani mwake. Sasa alimwogopa, na moyo ulimuuma.

Rael alikiinua kile kifuniko kwa kijiti, akakitia kwenye mfuko wa karatasi. Ushahidi huo! Soksi wakamtia kwenye katoni. Maurine akabeba mkoba wake wa shule, wakaenda kwenye kliniki ya wanyama.

Daktari Nzula alimfungua Soksi mdomo.

"Oneni fizi zake. Zimekuwa nyeupe. Za paka mzima huwa za pinki. Damu yake haigandi, ndiyo maana inavuja. Nafikiri ni dawa ya panya."

"Si nilisema!" Rael akaweka kifuniko mezani. "Jirani alimpa jana kwa hiki."

Nzula akakinusa. "Hiki kinanuka maziwa. Halafu mama, sumu ya aina hii haimwangushi paka kwa siku moja. Huchukua siku tatu, nne, hata zaidi. Kwa hivyo tusiulize habari za jana. Jumatatu alikula nini?"

"Sasa mimi nitajuaje? Kwani paka huniaga akienda kula?"

"Mimi najua," Maurine akasema. Akatoa daftari. Mwalimu alikuwa amewaambia waandike kuhusu mnyama wa nyumbani, sentensi chache kila siku. Ukurasa wa kushoto Kiswahili, wa kulia Kiingereza.

Nzula akasoma kwa sauti. "Ijumaa. Mama ameweka dawa ya panya. Mum has put rat medicine." Akafungua mbele. "Jumatatu. Soksi amekula panya wawili. Mama amefurahi sana. Soksi has eat two rats. Mum is very happy."

Uso wa Rael ulimwaka kwa aibu.

"Lakini daktari, aki mimi nilikuwa mwangalifu! Niliichanganya na vichwa vya samaki wa omena, nikaiweka nyuma ya kabati. Soksi nilimfungia chumba cha kulala usiku wote. Asubuhi nikaitoa. Hakuionja!"

"Sumu hakuionja. Alimla panya aliyekula sumu. Panya huyo hafi siku hiyo. Anazunguka siku kadhaa akiwa amezubaa, na paka anamkamata bila jasho. Sumu iliyo tumboni mwa panya inaingia kwa paka."

"Na mimi nilimpigia makofi," Rael akasema polepole.

"Pakiti ya hiyo dawa iko wapi?"

"Haina pakiti. Nilinunua kwa yule mchuuzi wa spika pale stage ya matatu. Alinifungia na gazeti."

"Basi hata wewe hujui uliweka nini kwa nyumba iliyo na mtoto. Mtoto akiishika na kutia mkono mdomoni, unamkimbiza hospitali hapo hapo, hata kama haonekani mgonjwa. Usingoje."

Maurine alivuta koti la daktari. "Soksi atakufa?"

"Sitakudanganya. Ni mgonjwa sana. Lakini mmemleta, na dawa yake ipo. Nitamdunga sindano ya vitamini K, halafu mtampa tembe kwa wiki kadhaa. Hata akianza kurukaruka, msiache mpaka niseme."

"Nitampa mimi," Maurine akasema.

Nzula akamgeukia Rael. "Dawa iliyobaki ilete hapa, usiimwage kwa mtaro. Panya waliokufa usiwashike kwa mkono mtupu, na uwazike chini kabisa. Halafu jiulize panya wanafuata nini kwako."

Rael alijua. Unga wake ulikaa kwenye mfuko wazi, na ukutani kulikuwa na shimo.

Jioni hiyo mumewe Dalmas, fundi wa mawe kwenye mjengo huko Westlands, aliliziba shimo kwa waya na simiti. Rael alinunua mtego wa waya na ndoo yenye kifuniko, unga ukahamia humo. Takataka zikawa zinatolewa kila jioni. Maurine alificha tembe ndani ya omena, na Soksi akazimeza bila kujua. Siku mbili alilala tu. Siku ya tatu alikunywa supu. Wiki ya pili fizi zilirudi pinki, akaanza kuchana pazia la Rael. Kwa mara ya kwanza Rael hakumfukuza.

Lakini kulikuwa na deni jingine. Jumamosi asubuhi ya wiki hiyo ya kwanza, wanawake wote walipokuwa wakifua, Rael alisimama mferejini.

"Nilisema hapa mzee Waweru alimpa paka sumu. Nilimsingizia. Dawa ilikuwa yangu."

Waweru alikuwa mlangoni kwake, trei ya mayai yasiyonunuliwa ikiwa miguuni. Hakutabasamu.

"Rael, nilimkaripia paka, ni kweli. Halafu nikaona kinachomleta kwa kuku ni njaa, nikaanza kumwekea maziwa. Kwa nini hukuniuliza tu?"

Rael akajibu, "Sikuuliza kwa sababu nilikuwa na uhakika."

Maurine akatoka nyuma ya mama yake, akapita katikati ya beseni za nguo, akaenda mpaka mlangoni.

"Habari ya asubuhi, guka," akasema.

"Mzuri, mama," Waweru akajibu. "Mzuri sana."