Jina la Arobaini na Mbili

Namba yake ilikuwa mia moja na saba, na dirishani ndiyo kwanza walikuwa wanaita sitini na tatu. Ukumbi wa kampuni ya mtandao ulikuwa umefurika watu hadi mlangoni, feni moja inazunguka kwa kujivuta. Alikuwa ametoka moja kwa moja mtoni kuhesabu kereng'ende. Gauni lake la kijani lilikuwa limepauka mabegani kwa jua, na mabuti yake ya mpira yaliacha tope kila aliposogea. Watu walimpisha, si kwa heshima, bali kwa kuokoa viatu vyao.

Hapo ndipo alipoisikia ile sauti.

"Dada yangu, mimi nakatika," mwanamume mmoja alikuwa anamlalamikia mhudumu. "Nikisema neno nakatika. Nikinyamaza, wananisikia vizuri kabisa!"

Aliijua. Kwa miezi minane, kila Alhamisi, aliisikia kwenye kikao cha mtandaoni cha watafiti chipukizi wa nchi kumi na moja, kila mmoja akihesabu kereng'ende kwenye mito ya mji wake ili waandike makala moja ya pamoja. Kamera zilikuwa zimezimwa siku zote. Mwenye sauti hii ndiye aliyetunza jedwali la takwimu zao, wakambatiza Jedwali. Alikuwa akisoma ng'ambo, na vikaoni alizungumza lugha ya wageni. Kwa Kiswahili, sauti ilikuwa ya mtu mpole zaidi.

Akamgusa bega. "Samahani, wewe ni Jedwali?"

Kijana akageuka. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi mbele tu, macho mekundu kwa uchovu. "Mwalimu!" akasema papo hapo. Ndivyo kundi lilivyomwita, kwa sababu ya vipindi alivyofundisha chuoni. "Nimerudi nyumbani wiki ya pili leo, natafuta ujasiri wa kukuandikia."

"Na ujasiri wanauuza dirisha la ngapi?"

Alicheka hadi mhudumu akamwita mtu mwingine.

Wakapendana kama wanavyopendana watu waliochoka: kwa vipande. Mwalimu alikuwa na vipindi asubuhi na mto mchana. Jedwali alikuwa na mkataba mfupi wa kazi na takwimu za watu zaidi ya arobaini. Simu zao zilikuwa za njiani.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Mimi nimekula makosa yenu. Nani ameandika kereng'ende elfu sita siku moja?"

"Ni sitini, mpenzi. Kidole kiliteleza."

"Hicho kidole nitakivika pete kitulie."

Jumapili Jedwali alikaa kwa mama mkwe mtarajiwa, akasifiwa adabu, akasinzia kitini.

Jumanne iliyofuata, Mwalimu akiwa kwenye chumba cha walimu na rundo la mitihani, simu ikalia kidogo. Makala imetoka! Akasoma majina ya waandishi, arobaini na moja. Akarudia taratibu, kwa kidole. Lake halikuwamo. Mwaka mzima wa kuzama topeni, na mito yake miwili ilikuwamo, lakini yeye hakuwamo.

Akapiga simu. "Orodha hii uliijua lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Na Jumapili ulikaa kwa mama yangu unacheka?"

"Mpenzi, kiongozi wa kundi alisema fomu yako ya uandishi ilichelewa."

"Ilichelewa kwa sababu mama alikuwa amelazwa! Unajua!"

"Najua. Nilitaka nimbembeleze polepole. Ndiye anayeniandikia barua ya kunipendekeza kwa ile nafasi ya kazi ng'ambo, nikaogopa…"

"Basi iogope barua yako. Mimi niache."

Akakata. Hakulia. Alisahihisha mitihani kumi na mitatu, ndipo akagundua amempa kila mtu alama ileile.

Mwezi ukapita. Jedwali alipiga, Mwalimu hakupokea. Dada yake mkubwa akamwambia, "Mdogo wangu, umekonda. Kama ni kwa sababu ya wadudu, waache. Kama ni kwa sababu ya mtu, kamgombeze ana kwa ana, upone."

"Sina nguvu za kugombana, dada."

Kisha mchana mmoja, ameketi kwenye jiwe kando ya mto anakausha soksi, ukaingia ujumbe uliotumwa kwa kundi zima. Mwandishi alikuwa Jedwali.

"Takwimu za mito miwili katika makala yetu ni za mtu ambaye jina lake halimo. Nilijua, nikanyamaza kwa faida yangu. Kama halitaingizwa, ondoeni langu."

Chini yake majibu yalifuatana. Kijana wa nchi nyingine akaandika kwamba hata yeye aliachwa. Binti mwingine naye vilevile. Mwishowe kiongozi akajibu kwa ufupi: marekebisho yatafanyika, majina matatu yataongezwa. Lake lingekuwa la arobaini na mbili.

Alivaa mabuti bila soksi, akaenda.

Ofisi ya Jedwali ilikuwa chumba cha meza nne, tatu zikiwa wazi. Alimkuta ameinamia meza, hajanyoa.

"Na barua?" akauliza kutoka mlangoni.

"Amekataa kuiandika. Ile nafasi imekwenda." Akasugua uso. "Sikuja kukuambia, usije ukanionea huruma."

"Sikuonei. Ningekuwa na nguvu ningekupiga na buti."

"Nivumilie. Nilikuwa na jambo la kukuomba nikishapata ile nafasi. Sasa sina kitu cha kuombea."

"Omba."

"Leo? Hivi nilivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akasimama. "Nikuoe?"

Mwalimu aliingia, akasimama mbele yake. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekaa chini.

"Nioe. Ila jambo baya lolote, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Usiniamulie kama litaniumiza."

"Wa kwanza," akasema Jedwali, na sauti ikamkatika kweli.

Akaketi, akainamia meza tena. Mwalimu akavuta kiti, akavua mabuti, akalaza kichwa mezani kando ya kichwa cha mwenzake, mkono juu ya mkono. Ilikuwa saa tisa ya mchana. Wachumba wa robo saa, wote wawili walikuwa wamelala fofofo.