Dinamo ya Njia ya Mwese

Injini ilikuwa imezimwa, na bado kipimo kilionyesha kwamba betri inajazwa.

Baltazari aligonga kioo cha kipimo kwa ukucha. Mshale mdogo mweusi, ambao kwa kanuni ulipaswa kusimama wima katikati pikipiki inapokuwa imezimwa, ulikuwa umeegemea upande wa kujaza. Ulipogongwa ulitetemeka, kisha ukarudi palepale, kama mtu aliyesukumwa akiwa usingizini. Aligusa injini, ilikuwa ya baridi. Alifungua waya wa betri, akaufunga tena. Mshale ukasimama, ukaamka, ukaegemea.

"Kipimo kimeharibika," alisema, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Hilo lilikuwa jibu rahisi, naye hakuwa mtu wa kuridhika na majibu rahisi. Baltazari alikuwa Mfipa aliyejifunzia ufundi katika karakana za jeshi wakati wa vita. Reli ilipofika Mpanda, na mgodi wa madini ya risasi ukavuta watu wa kila kabila, alifungua banda lake Majengo, akawa anatengeneza baiskeli, cherehani na zile pikipiki chache zilizokuwapo mjini. Jeshini alifundishwa kanuni moja aliyoishika kama amri ya Mungu: umeme hauzaliwi na hewa. Kinachojaa hapa kimepungua pengine. Injini inapozunguka, petroli hupungua, dinamo hugeuza mzunguko huo kuwa umeme, na betri hujaa. Injini ikisimama na betri ikaendelea kujaa, basi kipo kitu kingine kinachopungua, na fundi hana budi kujiuliza ni kipi.

Pikipiki ilikuwa ya Melkior, mfanyabiashara wa nta na samaki wakavu, ambaye alisafiri kati ya Mpanda na Karema na kuzungumza na kila mtu kana kwamba amemwajiri. Dinamo yake ya asili ilikuwa imeungua koili zote, zile nyaya za shaba zilizosokotwa ndani yake, na nyingine ilibidi iagizwe pwani. Melkior alikataa kungoja. "Fundi anayengojea spea si fundi," alisema, "ni mlinzi wa vyuma."

Maneno hayo yalimchoma Baltazari, akakumbuka pikipiki ya jeshi, ya aina ileile, iliyoachwa porini pembeni mwa njia ya Mwese. Ilikuwa imeegemezwa kwenye mti wa myombo tangu vita viishe. Aliyeipanda hakuonekana tena, wala mifupa yake haikuonekana. Wapita njia waliiepuka, na baadhi yao walitupa jani mbele yake, kama mtu apitaye mahali pa mzimu, bila kugeuza shingo. Baltazari alikwenda huko mchana, jua likiwaka, akafungua boliti na kuitoa dinamo ikiwa na kutu nje lakini safi ajabu ndani. Ilipotoka, iliacha tundu la mviringo ubavuni mwa injini. Fundi aliyefunzwa vizuri haachi tundu la injini wazi, hata la injini iliyokufa. Mvua itaingia, na panya pia. Akachukua kitambaa alichofungiwa viazi vyake vya safari, akalisokomeza tunduni, akaondoka.

Dinamo iliyokaa miaka bila kazi husahau kazi yake, na fundi huiamsha kwa kuigusisha waya wa betri kwa sekunde moja tu. Baltazari alipoiamsha, cheche ilitoka nyekundu, harufu ya nta iliyoungua ikajaa banda, na ndani ya chuma kukaanza mvumo mdogo, wa mbali, kama wa nyuki walio ndani ya mzinga uliogongwa. Melkior alikuja akaichukua pikipiki, akawasha taa, akacheka kwa namna ilivyong'aa.

Jioni ileile, Kalista, mtoto wa pekee wa Baltazari, alisema anasikia baridi.

Kwanza ilionekana ni homa ya kawaida. Lakini homa huchoma, na huyu hakuwa anachomeka. Mwili wake ulikuwa unapoa. Mama yake, Klementina, alimfunika blanketi, akamsogeza karibu na moto, akamnywesha uji wa moto, na bado vidole vya mtoto vilikuwa kama vya mtu aliyetoka kuoga mtoni alfajiri. Mganga wa zahanati alimpima, akampa vidonge, akakiri kwamba haoni ugonjwa. Melkior aliposafiri gizani na taa yake, mtoto alizidiwa; alipolala na kuizima, mtoto alipata nafuu kidogo, lakini hakupona. Pikipiki iliporudishwa bandani kukazwa mnyororo ndipo Baltazari alipouona ule mshale. Akatazama upande wa nyumba yake, iliyokuwa nyuma tu ya banda, akamsikia mwanawe akikohoa, na mshale ukaruka pamoja na kikohozi.

Akaacha vifaa vyake chini, akaenda ndani.

Alimkuta mkewe ameketi na Getrude, mjane wa Kikonongo aliyekuwa akiuza asali mtaani, mwanamke mwembamba mwenye ulimi uliowatisha hata makarani. Getrude alikuwa amekishika kiganja cha Kalista puani mwake, akikinusa.

"Mtoto ananuka nta," alisema bila kusalimia. "Fundi, umekula asali ya nani?"

"Sijala asali ya mtu, bibi."

"Basi umetoa nini porini?"

Baltazari akaeleza: pikipiki ya njia ya Mwese, dinamo, tundu. Getrude alisikiliza akitikisa kichwa taratibu.

"Na tundu ukaliacha?"

"Nililiziba. Siwezi kuacha tundu wazi."

"Ukaliziba na nini?"

"Kitambaa tu. Kile nilichofungiwa viazi."

Klementina aliinuka ghafla, uji ukamwagika. "Baba Kalista," alisema kwa sauti iliyokauka, "kile hakikuwa kitambaa tu. Ni mbeleko ya Kalista. Nilikufungia viazi nikijua utairudisha."

Kisha Getrude akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Nyie Wafipa! Nyie na akili zenu za kuziba matundu! Sikiliza, mwanangu. Sisi warina asali, mtu akizidiwa na njaa porini anaruhusiwa kula mzinga usio wake. Lakini anaacha kitu chake mlangoni mwa mzinga, anaziba nacho tundu. Hiyo ndiyo rehani. Mwenye mzinga akija anakinusa, anajua amdai nani. Yule anayekaa pale njia ya Mwese amekaa porini na warina miaka mingi kuliko sisi, na sheria yake ni hiyohiyo. Wewe umekula mzinga wake, ukaweka rehani. Umeweka nguo aliyobebewa mtoto, yenye jasho lake na maziwa aliyocheua. Sasa analipwa."

"Nitairudisha dinamo leo hii," alisema Baltazari.

"Rudisha ya nani?" sauti ilisema mlangoni. Melkior alikuwa amekuja kuchukua pikipiki yake, na amesikia mengi. "Hiyo ni mali yangu. Mtoto akiumwa apelekwe zahanati, si kuning'olea vyuma vyangu kwa hadithi za wauza asali."

"We Melkior," Getrude alisema, "mdomo wako ungekuwa mzinga, hata nyuki wangehama."

"Na wako wangeukimbia kwa moshi. Fundi, pikipiki yangu."

Klementina alimnyanyua Kalista pamoja na blanketi lake, akapita katikati yao mpaka bandani, akaketi chini mbele ya pikipiki na mtoto mapajani. "Iwashe taa," alimwambia Melkior. "Kama ni hadithi, iwashe."

Melkior alicheka, akazungusha swichi.

Taa iliwaka katika giza la banda, na mwanzoni ilikuwa taa tu. Lakini Baltazari, ambaye macho yake yalizoea kutafuta hitilafu ndogo, aliona kwamba haikuwa ikiwaka kwa usawa, bali ilififia kidogo kila mtoto alipovuta pumzi na kung'aa kila alipoitoa, ikififia na kung'aa, ikififia na kung'aa, na kila ilipong'aa ilizidi mng'ao uliotangulia, na pumzi ya mtoto ikazidi kuwa fupi, hata midomo yake ikageuka rangi ya majivu, na ule mvumo wa nyuki ukapanda kutoka ndani ya chuma mpaka bati za paa zikaanza kuitikia. Melkior, ambaye alikuwa ameacha kucheka bila mwenyewe kujua, alizungusha swichi kuizima, akaizungusha tena, akaing'ang'ania kwa mikono miwili, na taa haikuzimika.

"Toa!" alipiga kelele. "Toa kidude hicho! Kitoe, fundi, sikitaki!"

Baltazari alikata waya kwa koleo, akafungua boliti, akaing'oa dinamo. Taa ikafa. Mtoto akavuta pumzi ndefu, lakini mikono yake ilibaki ya baridi, na ile dinamo, ikiwa peke yake sakafuni, haijafungwa na kitu chochote, iliendelea kuvuma.

"Rehani bado iko kule," Getrude alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nenda kabla jua halijashuka. Weka dinamo, chukua mbeleko, ondoka. Kimoja kwa kimoja. Usiache kingine chochote chako. Ukiacha kingine, utakuwa umemwomba dinamo tena kwa rehani mpya. Naye hana uchoyo. Atakuletea."

Baltazari alifikiri kama alivyofunzwa kufikiri. Asichokuwa nacho hawezi kukisahau. Alivua kofia na saa, akatoa mifuko yote nje, akachukua spana moja tu ya boliti zile, akapanda baiskeli.

Mawingu ya masika yalikuwa yamefunika njia ya Mwese alipofika. Pikipiki ilisimama palepale, lakini tundu lilikuwa wazi, jeusi, halina kitambaa. Aliitazama kwa muda kabla ya kuelewa alichokuwa akikiona. Mbeleko ilikuwa imefungwa kwenye kiti, imezungushwa na kukazwa kwa fundo la mbele, vilevile kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni, na ndani yake palikuwa na uvimbe wa mviringo, uliopanda na kushuka.

Hakukimbia. Alipiga magoti matopeni, akaiingiza dinamo tunduni, akakaza boliti ya kwanza, akakaza ya pili, na mikono yake, ambayo haikuwahi kuacha kazi nusu, ikaanza ya tatu; na hapo, karibu na sikio lake, juu ya kiti, kitu kikaanza kuvuma polepole kwa mdundo wa kubembeleza, wimbo usio na maneno, kwa muda mrefu ambao hata Klementina hakuwa na subira nao, na fundo la mbeleko likaanza kufunguka lenyewe, uzi kwa uzi, na kile kilichokuwa ndani kikalia kwa sauti ya Kalista, si sauti inayofanana nayo bali yenyewe, kikimwita baba, baba, nishike nisianguke, naye akanyoosha mikono yote miwili, akainyakua ile nguo ikiwa tupu na yenye joto, akaikumbatia kifuani, akakimbia mpaka kwenye baiskeli bila kutazama nyuma.

Alipofika nyumbani Kalista alikuwa ameketi jikoni, jasho likimtoka, akidai ugali na samaki. Klementina alimfunga mbeleko ile mabegani ingawa alikuwa mkubwa mno, akacheka na kulia kwa pamoja. Hata Melkior alikuja, akasimama mbali, akauliza kama mtoto amekula.

Getrude alileta asali giza lilipoanza kuingia. Alimtazama Baltazari mikononi.

"Spana yako iko wapi?"

Baltazari aliingiza mkono mfukoni. Kisha mfuko mwingine. Kisha akakumbuka boliti ya tatu, na spana iliyobaki ikiiuma, spana aliyokuwa akiishika kwa meno tangu jeshini kila mikono ilipojaa, mpaka chuma chake kikaingia alama za meno yake.

Mbali, upande wa Mwese, injini ya pikipiki iliunguruma, nayo ilikuja bila taa, bila haraka, ikapita kwenye nyumba za mwisho wa mji huku mbwa wakinyamaza mmoja baada ya mwingine, ikaingia Majengo, ikasimama nje ya mlango wao. Kilisikika chuma kikiwekwa chini kwa uangalifu, kama fundi anavyoweka kazi aliyoimaliza. Harufu ya nta iliyoungua ikapenya chini ya mlango. Kisha injini ikarudi ilikotoka.

"Usifungue," Klementina alinong'ona.

"Nisipofungua kitaondoka?" Baltazari aliuliza. Getrude aliinamisha kichwa.

Akafungua. Dinamo ilikuwa kizingitini, imefutwa kutu, imepakwa mafuta, ikivuma. Ndani, Kalista alikuwa akiomba kuongezewa ugali, na sauti yake ilikuwa nzima. Baltazari aliinama akaigusa dinamo. Safari hii hakuwa na haja ya kujiuliza ni kipi kinachopungua.

Chuma kilikuwa cha moto. Mkono wake ndio uliokuwa wa baridi.